Jinsi ya kuweka akiba ya chakula cha dharura nyumbani, kidogo kidogo mpaka itoshe

Watu wengi wakisikia akiba ya dharura wanawaza stoo imejaa magunia mpaka darini, wakipiga hesabu ya hela wanaachana nayo. Sasa sikia, hii kitu haitaki hela ya mara moja na wala haitaki chakula maalum, ni kile kile mnachokula kila siku ila kiwepo kingi kidogo kuliko mnachomaliza. Na dharura sio mafuriko tu jamani. Umeme kukata siku kadhaa, barabara kufungwa, au yule anayeleta hela nyumbani akaugua au kazi ikasimama, hiyo ya mwisho watu huwa wanaisahau kabisa na ndo akiba inasaidia kweli kweli.

Anza na maji, kabla hata ya mchele. Piga lita 4 kwa mtu kwa siku, hapo ni kunywa, kupikia na usafi kidogo, kukiwa na joto kali au kuna mama ananyonyesha ongeza. Watu 5 kwa siku 3 ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Dumu lisiwe lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa yoyote, hata ulioshe vipi plastiki inakuwa imeshanyonya. Funga vizuri, weka mbali na jua, badilisha maji kila miezi sita. Maji usiyoyaamini chemsha, yakishatokota kabisa yaache dakika 1 (ukiwa mahali pa juu sana, zaidi ya mita 2,000, dakika 3). Kama huna cha kuchemshia, klorini ya maji ya kufulia isiyo na manukato, ile ya asilimia 5 mpaka 6, matone 2 kwa lita ya maji meupe, koroga alafu subiri dakika 30 ndo unywe. Maji yakiwa na tope chuja kwanza kwa kitambaa safi.

Sasa chakula. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likipanga mgao wa watu waliokumbwa na majanga linatumia kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na sisi tunaweza kutumia hiyo hiyo. Nafaka gramu 400, maharage au jamii yake gramu 100, mafuta gramu 30, sukari gramu 20, hapo umefika. Kwa wiki mbili mtu mmoja ni nafaka kilo 5.6, maharage kilo 1.4, mafuta kama nusu lita hivi, sukari gramu 280. Familia ya watu 5 ni kilo 28 za nafaka na kilo 7 za maharage, mafuta lita 2 na nusu, chumvi nusu kilo inatosha na kubaki. Ukiiangalia hivyo sio mzigo wa kutisha. Kila ukienda kununua vitu vya nyumbani ongeza kilo moja ya kitu kimoja tu, kabla hujakaa sawa wiki mbili zimejaa. Usiruke mafuta eti ni anasa, lita moja ina kalori kama 8,000 na hakuna kitu kingine kinakaa sehemu ndogo vile kikashibisha vile.

Kwenye kuhifadhi ndo pana kazi, na hapa naomba uwe makini. Adui ni unyevu. Kama nafaka umeipata moja kwa moja shambani usiimwage tu kwenye ndoo, chukua chupa kavu ya kioo, weka nafaka kidogo na chumvi kavu, tikisa dakika chache, chumvi ikiganda kwenye kioo basi nafaka bado mbichi, rudisha juani. Nafaka mbichi inaota ukungu na ukungu unaweza kuleta sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi, kwa hiyo yenye ukungu usichambue ukala ile nyingine na usiwape kuku, tupa. Wadudu nao mara nyingi mayai yanakuja humo humo kwenye nafaka, ndo maana unafunga vizuri na bado maharage yanabunguliwa. Kama una friza weka humo siku 4 kwanza, au jaza mpaka juu kwenye chombo kisichopitisha hewa, humo wanakosa pumzi wanakufa. Mchele mweupe unakaa muda mrefu kuliko wa brauni, na unga wa nafaka isiyokobolewa unawahi kuwa mchungu sababu ya mafuta yaliyomo, huo weka kidogo. Nyanyua vyombo juu ya sakafu, visigusane na ukuta.

Andika tarehe kwa maka peni kila chombo. Kipya kinaenda nyuma, cha zamani kinapikwa wiki hii, hii akiba ni ya kuliwa jamani sio ya kutunzwa. Maharage yakikaa sana hayaharibiki lakini yanagoma kuiva, utamaliza gesi yote.

Na nishati ndo sehemu watu wanaangukia, chakula kipo cha kupikia hakipo. Weka gesi au mkaa wa akiba, na vitu vya kula bila kupika, samaki wa kopo, karanga, biskuti (na kifungua kopo). Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, alafu hasa yale mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 kwanza, yasipochemka hivyo yana sumu inaharibu tumbo. Jiko la mkaa lisiwashwe kabisa ndani ya chumba kilichofungwa, ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Umeme ukikata, friji isipofunguliwa inashika ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa masaa 48, kwa hiyo maliza vya friji kwanza, friza, ndo uguse akiba kavu. Kopo lililovimba au linalovuja usilionje hata kidogo. Mwenye mtoto wa maziwa ya kopo aweke ya wiki mbili na maji yake pembeni, asali asimpe mpaka afikishe mwaka, na dawa za kila siku za wagonjwa ziwe kwenye hesabu hiyo hiyo ya wiki mbili.