Kabla hujamnunulia mtoto gita, anzia hapa

Ni hivi, mtoto akisema tu anapenda muziki wazazi wengi tunakimbilia dukani, na mimi nilikuwa wa kwanza. Binti yangu alikuwa na miaka 6, nikamletea gita saizi ya mtu mzima, nyuzi za chuma, nikijisemea atakua nalo kama viatu vya namba kubwa. Akilikumbatia bega la kulia linapanda mpaka sikioni, vidole vya kushoto vimeingia mistari myekundu, ananiambia "baba inauma" mimi namjibu kaza utazoea. Wiki ya tatu gita likahamia nyuma ya mlango, na mimi bila aibu nikaanza kuwaambia watu huyu mtoto hana kipaji.

Kwa hiyo kabla hela haijatoka, shughulikia masikio kwanza. Shinichi Suzuki, yule Mjapani mwalimu wa violini, mfumo wake wote aliujenga kwenye kitu kimoja, kwamba mtoto hujifunza lugha ya mama kwa kuisikia kwanza, sasa muziki nao uende hivyo hivyo, tena kwake mzazi anakaa darasani pamoja na mtoto. Sio lazima ufuate mfumo wake, ila kusikiliza pamoja hakuna gharama. Weka wimbo mmoja, pigeni makofi kufuata mdundo, muulize ngoma imeingia wapi. Na wewe mwangalie, anagonga meza siku nzima au anaimba akioga? Hapo ndio utajua chombo chake, sio kile ulichotamani wewe ukiwa mdogo ukanyimwa.

Chombo chenyewe sasa. Gita zipo za robo, nusu na robo tatu, violini zinashuka mpaka 1/16 na hata chini ya hapo, kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto kupigana na mti mkubwa kuliko yeye. Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole vichanga, na yukulele, kile kigita kidogo chenye nyuzi 4, ni njia nzuri ya kuanzia. Tarumbeta subiri meno ya mbele ya utu uzima yaote na kukaza, yaani huko kwenye miaka 7, 8. Kibodi ya vitufe 61 inatosha kabisa mwanzoni ingawa piano kamili ina 88, ila tafuta ile ambayo ukibonyeza kwa nguvu inalia kwa nguvu na ukibonyeza polepole inalia polepole. Ukiweza kuazima au kukodi, azima, mtoto anaweza kubadili mawazo na hilo sio kosa.

Halafu kuna hili ambalo hakuna aliyeniambia mapema, jifunze kutyuni wewe mwenyewe, yaani kukaza au kulegeza nyuzi mpaka kila moja itoe sauti yake sahihi. Nyuzi mpya zinavutika, umeliweka sawa asubuhi jioni limeshalegea, sasa mtoto anaweka kidole mahali sahihi kabisa halafu inatoka sauti mbovu, yeye hajui kwamba ni gita, anajua ni yeye. Akisikia hivyo siku 10 mfululizo nani angeendelea jamani? Simu yako inaweza kuweka programu ya kutyuni ya bure, gita noti zake ni E A D G B E kuanzia uzi mnene, ukishazoea ni dakika mbili tu.

Chombo kikae nje ya begi, kwenye stendi, sehemu ambayo watu wanapita, mbali na jua maana mbao hupinda. Miguu ya mtoto ifike chini au iwe juu ya kigoda. Kama ni drams mtafutie vizuia kelele vya masikioni, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 ndio huwa zinatajwa kuwa mwisho wa usalama kwa saa 8 na drams zinapita hapo bila shida, na majirani waambie mapema.

Muda, dakika 10 kila siku kwa mtoto wa miaka 6 zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Mwalimu, omba kukaa kwenye kipindi kimoja kabla ya kulipa, uone kama watoto wanacheka au wamenuna.

Kilichobaki ni mdomo wako, na huu ndio mgumu kuandaa. Usimwite mbele ya wageni "hebu wapigie uncle" kama hajataka mwenyewe. Badala ya umekosea, jaribu "nipigie tena pale katikati, nimepapenda". Na siku ya kusema sitaki itakuja, kwa hiyo kubalianeni kabla: miezi mitatu, halafu ana ruhusa ya kubadili chombo bila kelele.

Mimi ilibidi nianze upya kwa kumwomba msamaha, nikaazima gita la nusu la nailoni nikaliweka sebuleni nikanyamaza. Siku ya nne nikamsikia analigusa. Siku hizi nikikaa kusikiliza ananisimamisha kwa kidole, "baba subiri, uzi wa pili umelegea," anauzungusha taratibu huku sikio ameliegemeza kwenye mbao.