Unataka kumuajiri mwanamke aliyetoka kwenye ukatili? Fanya hivi

Kwanza kabisa usimuulize yaliyompata, kwenye intavyuu muulize anajua kufanya nini na saa ngapi anaweza kuwepo, basi. Mshahara uingie kwenye akaunti yenye jina lake mwenyewe, hili usilichukulie poa kabisa maana wengi walikwama sababu hela yote ilishikwa na mtu mwingine. Mafunzo yalipwe, mwenye watoto hawezi kujifunza bure miezi na miezi. Mpe ruhusa ya kwenda kliniki au mahakamani bila kumkata mshahara, hata Pendekezo namba 206 la ILO (Shirika la Kazi Duniani) la 2019 linataja likizo kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani. Na watu wa mapokezi waambie, yeyote akipiga kuuliza kama yupo kazini wasimjibu. Picha zake usiposti.