Kabla hujatoka stoo na taa za chuo

Fomu ya kuazimia vifaa vya kurekodi filamu isome kwanza ndipo usaini. Kagua kila kitu mbele ya mtunza stoo, na kila mkwaruzo upige picha kwa simu. Mkanda wa kamera uvae shingoni, hata kama unakwenda hatua tatu tu. Miguu ya stendi itanue yote na uiwekee mfuko wa mchanga, hasa ukirekodi ufukweni, maana upepo wa Kigamboni haukuombi ruhusa. Waya unaokatiza mlangoni ubandike kwa tepu ya kitambaa. Viatu vya kufunika vidole, tafadhali. Kandambili ziache hosteli.

Taa za LED hazina maneno mengi, lakini vyuo vingi bado vina zile za zamani za halojeni, za wati 800 kila moja. Balbu yake usiishike kwa vidole vitupu hata ikiwa baridi: mafuta ya ngozi yanabaki kwenye kioo, sehemu hiyo inapata joto kupita nyingine na balbu inaweza kupasuka. Vaa glavu za ngozi. Ukishazima, iache ipoe kabla ya kufungasha.

Sasa tuje kwenye ekstensheni ya kuviringisha. Hapa naomba usikilize.

Kuna kundi la wanafunzi waliokuwa wanarekodi mahojiano ukumbini. Taa tatu za halojeni, ekstensheni moja ya mita 50. Soketi ilikuwa karibu, basi wakavuta mita chache tu, waya uliobaki wakauacha umejiviringa kwenye roli lake. Hesabu walipiga, tena vizuri: taa tatu ni wati 2,400, ambazo kwa volti 230 ni kama ampea kumi na nusu, na fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Kwenye karatasi hakuna tatizo.

Tatizo ni kwamba waya unaopitisha umeme mwingi hupata joto. Ukinyooshwa, joto linatoka. Ukiwa umejiviringa tabaka juu ya tabaka, joto la ndani halina pa kwenda, linapanda tu mpaka plastiki inalainika na nyaya za ndani zinagusana. Na fyuzi haina habari, kwa sababu umeme unaopita haujazidi kiwango chake! Roli nyingi zina kikatio cha joto, kidude kinachokata umeme roli likipata joto kupita kiasi, kwa ajili hiyo. Cha roli lile kilishaondolewa na fundi fulani kwa kuwa "kilikuwa kinasumbua".

Mgeni alikuwa katikati ya jibu harufu ilipoanza. Mshika maikrofoni alidhani ni vumbi linaloungua kwenye taa, wakaendelea. Halafu moshi. Kijana mmoja akakimbilia roli akalishika kwa mikono miwili, na plastiki iliyoyeyuka ikamganda viganjani. Mwingine alikuwa ameshainua chupa ya maji, akazuiwa na mlinzi wa ukumbi, mzee ambaye hajawahi kusoma filamu popote, aliyekwenda moja kwa moja kuzima swichi ya ukutani. Ndivyo inavyotakiwa: zima ukutani, mengine baadaye, na maji yasikaribie.

Kwa hiyo nyoosha waya wote, hata kama soketi iko mita mbili. Geuza roli usome kibandiko: mara nyingi kina namba mbili za wati, ya waya uliojiviringa na ya ulionyooshwa, na ya kwanza huwa ndogo sana. Kibandiko kikiwa kimefutika, omba roli jingine. Na usichomeke birika la chai ya wasanii hapohapo.

Mengine kwa haraka. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Dar, kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa mpaka izoee, la sivyo lenzi itajaa ukungu. Betri iliyovimba irudishe, usiichaji. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba ni za begi la mkononi, na zinazozidi wati-saa 100 (Wh, kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) uliza kwanza shirika la ndege. Droni ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bandarini na karibu na kambi za jeshi usiinue kamera bila barua. Mvua ikianza, funga kazi. Na usiende kurekodi usiku peke yako na begi la vifaa, hata kama ni mtaani kwenu.