Jinsi ya Kushiriki Ukarabati wa Bothi katika Milima ya Uskoti

Katika milima ya Uskoti zimesalia nyumba ndogo za mawe zilizojengwa kwa ajili ya wachungaji wa kondoo, walinzi wa kulungu na vibarua wa mashamba. Wenyewe walikwisha kuzihama, na leo hulala humo yeyote apitaye kwa miguu, bila malipo wala ufunguo, naye akilala ajue kwamba hakuna umeme, hakuna bomba la maji, na mara nyingi hakuna choo. Waskoti huziita bothi. Mwaka 1965 Bernard Heath, mkewe Betty na wenzao waliitengeneza bothi ya Tunskeen huko Galloway, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha Mountain Bothies Association, ambacho hutunza bothi zipatazo 100, nyingi zikiwa Uskoti na chache kaskazini mwa England na Wales, kwa mikono ya watu wasiolipwa. Maelezo yafuatayo ni kwa Mswahili aishiye huko, au anayekusudia kwenda, ambaye angependa mikono yake iwe miongoni mwa hiyo.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Bothi karibu zote si mali ya chama bali ni za wenye ardhi, waliokubali zitumiwe na watu wote, na makubaliano hayo yanaweza kuvunjika kwa sababu ya mgeni mmoja aliyepigilia msumari bila kuuliza. Kwa hiyo usianze kazi peke yako. Jiunge na kikosi kilichokwisha kupangwa, kwa kuwa kila bothi ina msimamizi wake wa matengenezo, naye ndiye anayejua kama jengo limo katika orodha ya majengo ya kihistoria na hivyo linahitaji kibali cha halmashauri, kama wakati wa uwindaji wa kulungu umekaribia, na kama darini kuna popo. Hilo la popo lisidharauliwe: sheria inawalinda wao na makao yao, na paa halifumuliwi mpaka mtaalamu awe amechunguza.

Kagua jengo siku ya mvua. Wengi hupenda kwenda jua likiwaka, wakapiga picha nzuri, wakarudi bila kujua maji yanaingilia wapi. Simama ndani mvua ikinyesha, tazama dari, pitisha kiganja ukutani, kisha toka nje ufuate maji kutoka kwenye paa hadi ardhini. Mara nyingi utakuta gata imeziba kwa majani na kuvu, au udongo umejilundika nje hadi kuzidi usawa wa sakafu, na kazi ya siku moja ya sepetu na ndoo huondoa unyevu ambao mtu angedhani unadai maelfu ya pauni. Piga picha kila upande kabla ya kugusa chochote. Mbao za ukutani, meko na rafu zilizotengenezwa na waliowahi kuishi humo ndizo historia ya nyumba, na mimi naona heri ubao wa zamani uliounganishwa kipande kipya kwenye sehemu iliyooza tu kuliko ukuta mzima wa mbao mpya. Mwaka 1877, mwaka uleule ilipojengwa bothi ya Corrour katika bonde la Lairig Ghru, msanii Mwingereza William Morris na wenzake walianzisha chama cha kutetea majengo ya kale kwa msimamo huohuo: rekebisha kilichopo, usikibuni upya.

Paa hutangulia kazi nyingine zote. Penye mabati, badilisha yaliyotoboka na ukaze misumari. Penye vigae vya jiwe, kumbuka kwamba machimbo ya Ballachulish huko Uskoti, yaliyotoa vigae vya namna hiyo, yalifungwa mwaka 1955, kwa hiyo kila kigae kizima kilichoanguka kiokotwe na kutunzwa. Kwa desturi ya Uskoti kigae hupigiliwa msumari mmoja juu, kwenye mbao zilizofunika paa lote, na hivyo fundi huweza kukisogeza pembeni akatengeneza cha chini yake bila kubomoa safu nzima.

Kisha zinakuja kuta, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Nyingi zilijengwa kwa mawe na chokaa, kama nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, na ugonjwa wao ni uleule: saruji. Ukuta wa chokaa hunywa mvua kidogo na kuirudisha hewani. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, hupata nyufa nyembamba, maji huingia yasipate pa kutokea, na barafu ya majira ya baridi huyapasua mawe huku ncha za boriti zikioza ndani. Kwa hiyo kwangua viungo vilivyolegea kwa patasi na nyundo, si kwa mashine, hadi kina kisichopungua mara mbili ya upana wake. Safisha vumbi, lowesha, kisha shindilia mchanganyiko wa kipimo kimoja cha chokaa inayokaza penye unyevu kwa viwili na nusu vya mchanga mkali, ukijaza mianya mipana kwa vijiwe. Inapoanza kushika, igonge kwa brashi ngumu. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Pwani yetu magunia huzuia jua lisikaushe chokaa upesi. Kule huzuia upepo, na yakiwekewa turubai juu huzuia pia mvua kubwa. Usifanye kazi hii joto likiwa chini ya nyuzi 5, wala baridi kali inapotarajiwa usiku. Vaa miwani na glavu, na weka maji safi karibu, maana chokaa huunguza macho.

Majira ya chokaa, yaani Mei hadi Septemba, ndiyo pia majira ya usubi, basi beba chandarua cha uso. Kila mfuko wa mchanga huenda ukabebwa mgongoni kwa saa kadhaa, hivyo pima mahitaji mara mbili kabla ya kuondoka, na panga jinsi taka zitakavyoteremshwa.

Mwisho wa kazi andika ulichofanya: upande gani wa ukuta, mchanga ulitoka wapi, vipimo vilikuwa vipi, nawe umkabidhi msimamizi pamoja na picha. Rudi baada ya majira ya baridi ya kwanza, siku ya mvua, ukague viungo ulivyojaza. Kilichopasuka kikwanguliwe na kujazwa tena kabla ya Septemba.