Redio ya kusikilizia ndege: kuzuia masafa yasikimbie joto likibadilika

Ukiirekebisha redio ya bendi ya ndege saa 12 asubuhi Nakuru, kwenye baridi ya nyuzi 12, kisha uiwashe Kisumu mchana chini ya mabati, chaneli uliyoiacha mahali fulani kwenye piga hutaikuta pale. Bendi ni megahezi 118 hadi 137, na chaneli nyingi zimeachana kwa kilohezi 25 tu. Inayohama ni osileta ya ndani (sakiti inayozalisha masafa ya kuchanganywa na yale ya kituo): koili ikipata joto hutanuka na masafa hushuka.

Maelezo haya ni ya kipokezi cha mezani cha kujiundia. Redio iliyofungwa ndani ya ndege haiguswi hivi. Hiyo ni kazi ya mafundi wenye leseni ya KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya.

Pima kwanza. Chukua sanduku jeupe la povu wanalobebea samaki, lioshe likauke, kisha weka ndani bodi, kipimajoto cha waya, na balbu ya wati 15 ya aina ya zamani, yenye uzi. (Balbu ya LED haitoi joto la kutosha, na mara nyingi huleta makelele redioni.) Kinga koili kwa kipande cha kadibodi isipigwe na balbu moja kwa moja. Kipima masafa kibaki nje, kimewashwa nusu saa kabla, maana nacho kikipata joto kitakudanganya. Kikamate mawimbi kwa waya wa mzunguko mmoja ulio sentimita 2 kutoka kwenye osileta. Ukiugusisha kwenye koili yenyewe, umeshaongeza kapasita usiyoijua.

Andika masafa kwa nyuzi 20, 30 na 40, ukisubiri dakika 20 kila hatua. Kisha zima balbu, funua sanduku, acha bodi irudi 20. Wengi huiruka hatua hii. Masafa yasiporudi karibu na yalipoanzia, kasoro ni ya kimitambo: waya wa koili umelegea, solda haikushika, au trima (kapasita ndogo ya kurekebishwa kwa bisibisi) imechoka. Lehemu upya, shika koili kwa nta, pima tena. Kapasita ya kufidia, yaani ile ambayo kapasitansi yake hupungua joto likipanda ili masafa yasishuke, haitibu koili inayocheza.

Sasa hesabu. Tuseme unasikiliza megahezi 119.3, IF (masafa ya kati, tofauti ya osileta na kituo) ni 10.7, na osileta iko 130.000 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 40 imeshuka hadi 129.935. Hiyo ni kilohezi 65, zaidi ya chaneli mbili. Yaani sehemu 25 kwa milioni kwa kila nyuzi. Masafa hubadilika kwa nusu ya badiliko la kapasitansi, kwa hiyo kapasitansi yote inayoizunguka koili inatakiwa ipungue kwa sehemu 50 kwa milioni kila nyuzi.

Hiyo yote ni ngapi? Bandika kwa muda kapasita ya NP0 (isiyobadilika na joto) ya pF 1, yaani pikofaradi 1, sambamba na koili. Masafa yakishuka kama megahezi 2.1, jumla ni karibu pF 30, pamoja na ile iliyojificha kwenye bodi. Zidisha 30 kwa 50, gawanya kwa 750: unahitaji pF 2 za N750, kapasita inayopungua sehemu 750 kwa milioni kila nyuzi. Dukani utapata 2.2. Ondoa ile ya pF 1 ya majaribio, toa NP0 ya pF 2.2 iliyo sambamba na koili, weka hiyo ya N750, rekebisha trima. Kinachobaki ni kama kilohezi 6.5 kwa nyuzi 20, kikielekea juu. Ukitaka usahihi zaidi tumia N220 ya pF 6.8 badala yake.

Kwenye kapasita za diski, doa jeusi ni NP0, njano N220, zambarau N750. Zile za X7R au Y5V, ambazo hubadilika sana na joto, zisikaribie koili kabisa. Kapasita ya kufidia ikae ubavuni mwa koili, miguu mifupi, mbali na regyuleta (kidhibiti volti), la sivyo italipima joto la regyuleta.

Kama unabadilisha chaneli kwa dayodi ya varikapu (ambayo kapasitansi yake hubadilika kwa volti), N750 itafidia vizuri sehemu moja ya piga na kukosea kwingine. Kwanza weka dayodi ya kawaida ya 1N4148 kati ya mguu wa kati wa potenshiometa na laini ya varikapu, anodi ikitazama potenshiometa, na rezista ya kiloomu 22 kutoka kathodi hadi ardhi. Volti ya hiyo 1N4148 hupungua kama milivolti 2 kwa kila nyuzi, karibu sawa na ile inayoihamisha varikapu. Kisha pima upya ncha zote mbili za bendi.

Baada ya kila kulehemu, subiri saa nzima kabla ya kusoma namba.