Pomboo wa Kizimkazi: mngoje, msiwafukuze
Ukienda Kizimkazi, Unguja, kuwaona pomboo, elewana na nahodha tangu jana yake mtoke alfajiri. Ikifika saa tatu boti zimeshajaa, kila moja inawafukuza, nao wanazama. Mwambie azime mashine mbali kidogo, mtulie. Mara nyingi utasikia pumzi kwanza, "pfuu!", kabla hujaona pezi. Usiwarukie majini, hata wenzio wakiruka. Na beba tangawizi ya kutafuna, maana boti ikisimama ndipo kichefuchefu kinapoanza! Kama ni kati ya Julai na Septemba, tupa jicho mbali pia: nyangumi wa nundu hupanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzaa huku kwetu kwenye joto.