Kigari cha mbao cha mteremko: mbio ziko kwenye misumari

Watoto wa huku Tanga magari ya kujitengenezea wanayajua toka zamani, matairi ya ndala, bodi ya kopo, kamba mbele unavuta. Hiki ninachoelezea ni ndugu yake, ila hakivutwi wala hakisukumwi, unakiweka juu ya ubao wenye mteremko unakiachia basi kinashuka kwa uzito wake chenyewe. Marekani mchezo huu aliuanzisha Don Murphy, kule Manhattan Beach, California, mwaka 1953, kwa ajili ya watoto wa skauti, na sheria yao ni kwamba gari lisizidi wakia 5, yaani kama gramu 141 hivi. Mimi na binti yangu wa miaka tisa tumeshachonga vitatu, anashindana na wenzake hapa mtaani Ngamiani, na hiyo gramu 141 tumeichukua vilevile maana inafanya mashindano yawe ya haki.

Mbao tafuta paini, kipande cha urefu wa sm 18, upana sm 4 na nusu, unene sm 3. Kwa seremala vipo vingi vya kutupa, na mwache mtoto aende kuomba mwenyewe, wangu alisema tu "shikamoo babu, naomba kipande kikavu" akapewa viwili. Hapo kwenye kukauka msipuuze. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na mbao mbichi ukiitoboa leo wiki ijayo imeshapinda na matundu yamehama, sasa hata ufanye nini gari haliendi sawa. Iweke kivulini wiki mbili tatu kwanza. Mtiki wa shamba la miti la Longuza ni mzuri kwa macho lakini ni mgumu kwa mkono wa mtoto, achana nao.

Umbo mwachie yeye achore. Mteremko mfupi hivi upepo hauna kazi kubwa, cha muhimu mchonge bodi iwe nyembamba, iwe nyepesi, ili uzito mje kuuongeza nyie wenyewe pale mnapotaka. Msumeno anakata mkubwa, msasa anapiga mtoto.

Sasa misumari, ambayo ndo ekseli. Hapa ndo pa kukaa, tena mkae siku mbili. Magurudumu sisi tunatoa kwenye magari mabovu ya plastiki, ya kipenyo cha sm 3, yote manne yafanane, na unaenda nalo moja duka la vifaa vya ujenzi unajaribisha misumari mpaka upate unaoingia ukabaki na nafasi kidogo sana. Ukirudi nyumbani uangalie ule msumari chini ya kichwa, pitisha ukucha, utasikia kuna mikwaruzo na vijinundu vya kiwandani. Hivyo ndo vinakula mwendo wote. Funga msumari kwenye drili, izungushe polepole, gusa kwa tupa ndogo mpaka nundu iishe, afu msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1500, unapatikana wanapouza vifaa vya kupigia rangi magari, mwisho kitambaa na dawa ya meno. Binti yangu anajua umefika pale anapojiona uso kwenye msumari, hakubali kabla ya hapo na mimi nimejifunza kumsikiliza. Huku kwenye drili mtu mzima ashike, mtoto nywele zifungwe na mikono mirefu ikunjwe.

Mafuta usiweke. Gari letu la kwanza tulilitia mafuta ya cherehani, mara tatu za mwanzo likaenda vizuri, kufika jioni vumbi limeganda ndani ya gurudumu limekuwa kama tope. Tumia unga wa penseli, zile nyeusi laini za 6B, sugua kwenye msasa mpaka upate unga, tia kwenye tundu la gurudumu na kwenye msumari, zungusha, tia tena. HB ya shule haifai sana, ina udongo mwingi zaidi.

Matundu ya ekseli yatobolewe wima kabisa, na kama jirani una fundi mwenye drili ya kusimama mpelekee. La nyuma liwe sm 2 kutoka mwisho wa gari. Gurudumu moja la mbele tundu lake lipande mm 2 ili lining'inie lisiguse ubao, magurudumu matatu yanakula nguvu kidogo kuliko manne.

Uzito tunatumia nati na washa, tunachimba kitundu nyuma tunazigandisha kwa gundi. Chubwi za wavuvi ni nzito zaidi na hazichukui nafasi, ila ni risasi, ni sumu, mtoto asizishike. Kwa nini nyuma? Gari likiwa juu ya mteremko mkia ndo uko juu zaidi, kwa hiyo uzito ukikaa mkiani unashuka kimo kirefu zaidi. Usipitilize lakini, liweke juu ya ukingo wa rula lipate mizani, iwe kama sm 2 na nusu mbele ya ekseli ya nyuma, ukirudi nyuma zaidi ya hapo pua inakuwa nyepesi gari linayumba. Kupima tunaenda kwa sonara, mzani wake unasoma mpaka sehemu ndogo ya gramu, na watoto wanafurahi kuona gari linakaa pale panapokaa pete.

Njia yenyewe ni plaiwudi, kata vipande vya upana wa sm 30, unga viwili, ncha moja juu ya meza. Katikati gundisha reli ya upana wa sm 4 na kimo mm 6, gari linaipanda katikati ya magurudumu, kwa hiyo tumbo liwe juu ya ubao sm 1.

Kutyuni, yaani kurekebisha mwelekeo wa gari, ni hivi, ubao uliolala sawa, chora mstari kwa chaki, sukuma gari taratibu mita 1 na sm 20 uone linaelekea wapi. Msumari wa mbele unaogusa ubao uwe umepinda kidogo sana, halafu kila mara unauzungusha nukta kwa pulayasi unajaribu tena. Tunalitaka lihame kama sm 5 kuelekea upande wa lile gurudumu linaloning'inia, hapo linaegemea reli moja kwa moja badala ya kugonga huku na huku. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, liachie mara tatu, mtoto aandike kwenye daftari, la sivyo hamtajua kipi kimesaidia.

Likishakaa sawa lisichezewe kwenye sakafu yenye mchanga. Sisi linalala kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, maana hewa ya chumvi inashika kutu msumari uliong'aa ndani ya siku chache, na linatoka siku ya mashindano tu.